Vyuo Vinne vya Mwisho

Marlys Engebret aliificha barua ndani ya buti. Mkoba hakuuamini, maana Orrin Stadler alikuwa na mazoea ya kusoma karatasi yoyote iliyokaa karibu naye, na asubuhi hiyo wangeketi meza moja.

Barua ilitoka Ligi ya Maziwa. Ilisema nafasi imebaki moja, chuo chake cha Brandvold kinakaribishwa, jibu litolewe kabla ya saa sita mchana.

Ligi yao wenyewe, Ligi ya Nyanda, ilikuwa inakata roho. Tangu theluji iyeyuke, vyuo sita vilishahama, kila kimoja kikikimbilia ligi zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Vilibaki vinne. Kikitoka hata kimoja, ligi haipo tena, na timu ya futiboli ya Kimarekani isiyo na ligi haina wa kucheza naye. Ndiyo maana wakuu wa michezo wa vyuo hivyo walikutana kwenye hoteli ndogo kando ya barabara kuu, wapige kura ya siri: kubaki au kuondoka.

Marlys alikuja kuaga, ingawa hakumwambia mtu.

Orrin, wa chuo cha Pelican Butte, alisimama kabla kahawa haijapoa. Kwa miaka ishirini na sita timu yake na ya Marlys zilichapana kila Novemba, na aliyeshindwa alimpelekea mwenzake pai ya matunda na matusi ya kutosha.

"Mimi si msemaji," alisema. "Ila tukiondoka hapa, mkulima wa Brandvold amtukane nani Jumamosi? Vijana wetu watapandishwa ndege wakachapwe na watu wasiojua hata mji wetu uko wapi. Wanne tukishikana tunatosha. Mmoja akiteleza, watatu wamezikwa."

Akafuta macho kwa leso. Wale wengine wawili wakainamia vikombe vyao.

Wakati wa mapumziko Orrin alimfuata Marlys barazani.

"Umekonda, dada. Hulali?"

"Nalala."

"Unanidanganya mimi? Maziwa wamekuandikia, sivyo?"

Marlys akatazama buti lake. Orrin hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma.

"Sikulaumu. Una vijana tisini wanaotaka mechi. Ila mimi watu wangu nimeshawaambia, Pelican Butte haihami ikiiacha Brandvold. Kama ni kaburi, tuingie wote."

"Orrin, bwana, ligi hii imeshakufa."

"Basi isifie mikononi mwako." Akatazama saa. "Ila usipige kura huku umeacha mlango wa nyuma wazi. Moyo wako utakusuta. Kama unabaki, wapigie sasa hivi. Bado dakika ishirini."

Akamwacha peke yake na upepo wa mashamba ya alizeti. Marlys akamkumbuka marehemu mumewe. Walikutana kwenye jukwaa la mbao la Brandvold, yeye amevaa koti la Pelican Butte na timu yake imefungwa vibaya, akauliza kwa haya kama pembeni ya Marlys pana mtu. Mechi ile ikifa, nani angejua kwamba mambo hayo yaliwahi kutokea?

Akavua buti, akaitafuta namba kwenye barua, akapiga. Mama aliyepokea simu Ligi ya Maziwa alimuuliza mara mbili kama ana hakika.

"Nina hakika," alisema Marlys. "Brandvold inabaki nyumbani."

Alirudi ndani akijihisi mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu theluji iyeyuke. Akaandika neno moja kwenye karatasi yake, akaikunja, akaitumbukiza kwenye bakuli juu ya ya Orrin.

Saa sita kamili mwenyekiti wa ligi alizifungua kura, moja moja, bila kumtazama mtu.

"Kubaki," alisoma. Marlys akatabasamu.

"Kuondoka."

"Kuondoka."

Ya mwisho aliishika kitambo kabla ya kuisoma. "Kuondoka."

Marlys akageuka kumtafuta Orrin. Alikuwa barazani, amewapa mgongo, simu sikioni, na mlango haukufungwa vizuri.

"Si niliwaambia atakataa kabla ya saa sita?" alikuwa akisema. "Ndiyo, mama. Sisi Pelican Butte tuko tayari kuichukua nafasi hiyo tangu juzi."