Pakiti ya Mtambo Namba Moja

Nyuma ya ukuta wa kioo ilipangwa mitambo kumi na miwili ya kuunganisha kompyuta, na juu ya kila mtambo ilikaa pakiti ya kijani ya bisi zenye ladha ya nazi, hirizi ya mafundi ili mtambo utii na usizimike. Taa zilipepesa. Sauti haikupenya kioo. Mafundi, walivyoambiwa wanahisa, walikuwa wamepewa mapumziko kwa heshima ya mkutano huu wa Novemba.

Teng Wan-ju hakuitazama mitambo. Alikuwa amesimama na kipaza sauti kwa mara ya tatu, na ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kumchoka.

"Mauzo ya robo mwaka yamepanda kwa asilimia thelathini na moja," alisema. "Fedha mkononi haijaongezeka hata dola moja. Kompyuta hizo mmemuuzia nani, Mwenyekiti?"

"Wateja wanaolipa baada ya siku mia na ishirini," alijibu Mwenyekiti Weng. "Hayo hufundishwa mwaka wa kwanza chuoni, Bi Teng. Labda siku hiyo uliumwa."

Watu wakaangua kicheko.

"Keti, mwanamke!" sauti ilipaa kutoka nyuma. "Bei ikipanda unanuna, ikishuka unalia. Pesa zako kazilaze chini ya godoro!"

Hazikuwa zake. Zilikuwa akiba za uzeeni za wauguzi elfu sita wa jiji la Kaohsiung, naye ndiye aliyetumwa na mfuko wao. Saa tano kamili wanahisa wangepiga kura kuamua kama kampuni ya Tunglai iuze hisa mpya, na wakuu wake Wan-ju walikuwa wamemwambia bila kumung'unya maneno: leta ushahidi, au piga kura ya ndiyo na ununue. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na shaka, na shaka haijazi ripoti.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi na mbili.

Aliketi. Kwenye kiti cha jirani alikuwapo Mama Kuei, kikongwe mwenye mfuko wa sokoni na hisa moja. Hisa moja ilitosha kumpa mtu zawadi ya mkutano. Wan-ju aliwajua watu wa aina hiyo: huzunguka kampuni hata kampuni, wanakusanya vikombe na taulo, kisha hupanda basi kurudi kwao. Huyu alikuwa ameinamia kijitabu cha hesabu, kidole kikitambaa kwenye maandishi madogo ya chini ya ukurasa. Bila shaka alitafuta kuponi.

"Mwaka jana walitupa sufuria," Mama Kuei alimnong'oneza kwa sauti iliyofika safu ya tatu. "Mwaka huu upawa. Faida gani hiyo inayopanda huku zawadi zinashuka?"

Wan-ju alikishika tena kipaza sauti. Alinyanyuka mara ya nne.

"Mwenyekiti, unasema uzalishaji haujasimama hata siku moja. Uthibitisho uko wapi? Zile bisi?"

Weng alitabasamu. Alingoja minong'ono ishuke.

"Zicheke, Bi Teng, ila wenzako humu hawazicheki. Nusu yao wamezeekea viwandani." Aligeukia kioo. "Toka mwaka uanze mitambo hii haijalala hata usiku mmoja. Na fundi wangu ni afadhali akatwe mshahara kuliko kuwasha mtambo wenye pakiti iliyopitwa na tarehe. Siku ya mwisho haijafika, mpya imeshawekwa. Nidhamu ya Tunglai hiyo."

Makofi yalirindima. Wazee wa safu za mbele walitikisa vichwa kukubali; kila mmoja wao alijua jinsi mtambo unavyosusa ukiwekewa pakiti iliyochacha.

Hapo ndipo Mama Kuei aliposimama.

"Mwenyekiti, pawa ninazo sita. Nibadilishie. Nipe ile bisi ya mtambo namba moja."

Kicheko kilizuka upya.

"Za zawadi ziko mlangoni, shangazi. Boksi zima!"

"Za mlangoni hazijafanya kazi. Nataka iliyokaa na mtambo usiolala. Kompyuta ya mjukuu wangu inazimikazimika."

Wan-ju alihisi masikio yanawaka. Alimvuta mkono wa koti. "Mama, keti, nakuomba. Unaniharibia."

"Umeshajiharibia mwenyewe, mwanangu. Mimi naomba bisi tu."

Weng alifurahi waziwazi. Baada ya saa nzima ya kushambuliwa, zawadi gani bora kuliko hii? Alimwashiria katibu wake. Mlango wa kioo ulifunguliwa kwa kadi, na binti yule akarudi ameishika pakiti kwa vidole viwili, huku kiganja cha mkono wa pili akikipangusa kwenye sketi.

"Haya, shangazi, baraka hiyo," alisema Weng. "Mjukuu akifaulu mitihani, mlete nimwajiri. Sasa, ndugu wanahisa, tupige kura."

Karatasi za kura zilianza kupita. Mama Kuei aliigeuza pakiti, akaisogeza usoni, akaiweka mbali, kisha akamsukumia Wan-ju.

"Miwani nimeisahau. Nisomee hapo chini, yale madogo."

"Mama, kura—"

"Nisomee kwanza. Na usome kwenye kipaza, masikio yangu nayo mabovu."

Watu walikuwa tayari wanakenua meno. Njia ya haraka ya kumnyamazisha ilikuwa kumtii. Wan-ju alikivuta kipaza sauti na kuinamia pakiti.

"Mwisho wa kutumika," alisoma, "tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, mwaka huu."

Wazee wa safu za mbele walihesabu miezi kwa vidole: minane. Nyuma ya kioo, taa za mitambo kumi na miwili ziliendelea kupepesa.