Oganaiza ya Kumuaga Mwalimu Muchangi

"Na hii ndogo, inalia?"

Nthiga alikuwa ameuliza swali hilo mara tatu, na kila akiuliza anaitupia jicho saa ya ukutani. Basi la mwisho la kupitia kwao Karurumo lilikuwa linaondoka Meru saa tisa, naye amesimama kwenye duka hili la redio na saa tangu saa sita kama mtu anayechagua mke.

"Hailii, mzee," Makandi mwenye duka akamjibu. "Hiyo ni ya kuweka nambari za simu tu. Zinaingia mia moja."

"Nambari mia moja! Kwetu simu ziko mbili, na moja ni ya posta."

Makandi akacheka, akamletea nyingine, pana kidogo, yenye kifuniko. Hiyo ndiyo ilikuwa oganaiza kamili, kikompyuta cha mkononi cha kukumbusha mambo. Unaandika jambo la mwezi ujao, na siku ikifika inakulilia yenyewe. Tatizo lilikuwa bei. Ilizidi mchango wa wazazi kwa shilingi mia nne.

"Ni ya kijana wako?"

"Ni ya mwalimu mkuu. Tunamuaga kesho."

"Basi mnampenda kweli!"

Nthiga akaigeuzageuza mkononi. Ampende nani? Kwa miaka mitano Mwalimu Muchangi alikuwa ameigeuza shule kuwa shamba lake. Watoto wakifika asubuhi wanapelekwa kumchumia kahawa, na yeye mwenyewe anaonekana darasani siku mkaguzi akija. Tangu afike, hakuna mtoto hata mmoja aliyeitwa sekondari ya maana. Na mwaka ujao Njoki, kitinda mimba wa Nthiga, alikuwa anaingia darasa la nane. Msichana ana akili, Mungu shahidi. Kila Nthiga akimwona anarudi jioni na vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa, daftari halijafunguliwa, roho ilimuuma hadi chakula kikamshinda.

Sasa barua ya uhamisho ilikuwa imekuja. Lakini Muchangi alikuwa amepewa nafasi ya kukubali au kukataa, na mwisho wa kutia sahihi ulikuwa Jumatatu.

"Mwenyekiti, nisikilize," Virginia, mweka hazina wa kamati ya wazazi, alikuwa amemwambia. "Yule mtu ni mjeuri. Akihisi anafukuzwa, atakaa hapa hadi tuzeeke. Lazima aende kwa heshima. Na si uliona vile alikodolea macho kile kikompyuta cha mkaguzi?"

Nthiga alikuwa ameona. Ndiyo maana alizunguka Embu nzima juzi akakosa, na leo yuko Meru anatokwa na jasho mbele ya kabati la vioo. Akaichukua ile ndogo, akairudisha, akaichukua tena. Je, mwalimu akijua ni ya bei rahisi? Akinuna je? Akaiweka chini. Akatoa mia nne alizokuwa amezitenga kwa viatu vya Njoki, akazihesabu kana kwamba zingeongezeka.

"Nipe hiyo kubwa. Na uifunge kwa karatasi ya kung'aa."

Siku ya pili hakutulia hata kidogo. Asubuhi alipita karibu na nyumba ya mwalimu kutazama kama mizigo imefungwa, akamkuta mke wa Muchangi ameinama, anapalilia mboga zake za sukuma wiki. Huyu mama naye, anampalilia nani? Nthiga akajiambia labda ni mazoea tu, akaenda zake kusimamia viti.

Mchana wazazi wakajaa uwanjani, mbuzi wawili wakaliwa, Muchangi akakalishwa kwenye kochi lililoazimwa kwa chifu. Nthiga alikuwa amepanga kusema maneno mawili matatu akae chini. Lakini alipoutazama uso wa mwalimu aliuona mkavu, hauna hata tabasamu, na hofu ikamshika.

"Mwalimu, umekuwa baba kwetu," akasema.

Uso ukabaki vilevile. Nthiga akaongeza.

"Watoto watalia. Njoki wangu tangu jana hajala!"

Uongo mtupu. Njoki alikuwa pale pale, anamaliza sahani ya pili.

"Kama si hiyo barua, mwalimu, leo tungefunga lango hili usitoke!"

Virginia akawa wa kwanza kupiga vigelegele, na akina mama wakamfuata hadi ng'ombe wa jirani wakashtuka. Nthiga akamwekea mwalimu kipaza sauti kando, akamkabidhi zawadi kwa mikono miwili.

Muchangi akaifungua polepole. Akaitazama oganaiza, akawatazama wazazi, na machozi yakamtoka, mwanaume mzima, mbele ya watu. Nthiga akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Meru. Imeingia, akasema moyoni. Huyu ameenda.

"Inaandikwa vipi?" mwalimu akauliza.

Nthiga akaruka kumwonyesha. "Bonyeza hapa, halafu hapa. Andika jambo la kwanza kabisa, mwalimu. Andika siku ya safari."

Muchangi akabonyeza kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Alipomaliza alijifuta machozi. Akampa Nthiga ile mashine pamoja na kipaza sauti.

"Wasomee, mwenyekiti. Mimi siwezi."

Nthiga akakisogeza kipaza sauti mdomoni, akakaza macho kwenye kile kioo kidogo, akasoma kwa sauti kubwa kila mtu asikie:

"Januari tarehe sita. Shule yafunguliwa. Nimekataa uhamisho. Watu wanaonipenda hivi siwaachi ng'o."