Chini ya Thelathini

Mwanaidi alipopanda, mizani ilisema kilo ishirini na sita. Nesi Melania akaandika kwenye kompyuta, nayo ikarudisha maandishi mekundu: "Weka uzito sahihi wa mtu mzima."

"Haipokei chini ya thelathini," alimwambia Mwanaidi. "Na bila fomu hii, dirishani hawakupi dawa."

"Basi nipe mkoba wangu, sista." Ulijaa nguo za kulazwa.

"Dawa yenyewe inapimwa kwa kilo, dada. Ikizidi, ini lako litashindwa."

"Na nikiikosa?"

Melania akamsogezea mkoba. Mwanaidi aliukumbatia mkoba, akapanda tena. Mshale ukafika thelathini na moja. Nesi akaandika, na wekundu ukafutika. Mwanaidi hakushuka. Alisimama palepale na mkoba wake, akiutazama mkono wa nesi, ambao ulikuwa bado haujagusa kitufe cha kutuma.