Vifurushi Tisa

“K... A... R. Karatasi? Unataka karatasi?”

Nyusi za mgonjwa hazikuinuka.

“Karanga? Daktari alishakataza, usinitafutie kesi.”

Mwanamke alikuwa amekaa kitandani, uso wake umesogea karibu kabisa na wa mumewe. Macho ya mume yalimwacha kidogo, yakaenda mlangoni, yakarudi. Mke akageuka. Shemeji yake alikuwa amesimama kizingitini na begi lake la kazi begani.

“Karibu!” alisema, akacheka na kulia kwa pamoja. “Kumbe alikuwa anakukaribisha, na mimi namnyima karanga.”

Shemeji huyo, fundi wa kompyuta, alimshika kaka yake mkono, kisha akakaa mezani mbele ya kompyuta. Ilikuwa Ijumaa, siku ya nne nyumba hiyo haijasikia ile sauti.

Kaka yake ndiye aliyemfundisha ufundi. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Wateja walimwita Redio, na wengine walipeleka kwake mashine zisizoharibika ili wapate tu kumsikiliza. Siku alipoambiwa kwamba ugonjwa utaanza na ulimi, alijifungia miezi miwili akijirekodi, akajitengenezea programu: ubao wa herufi kwenye skrini, kitufe kimoja chini ya kidole gumba, na sauti yake mwenyewe ikisoma anachoandika. Sasa vilivyobaki ni nyusi, macho na kidole hicho. Daktari alisema miezi, hakusema mingapi.

“Nieleze tena, shemeji. Jumanne ulibonyeza nini?”

“Natoka kwenda kazini, saa mbili asubuhi. Mashine ikaniuliza: kuna vifurushi havihitajiki tena, viondolewe? Nikabonyeza ndiyo, kama alivyonifundisha mwenyewe. Narudi jioni, ubao umezimika na sauti hakuna.” Alijifuta uso kwa kiganja. “Mimi ndiye niliyemnyamazisha mume wangu. Usinifiche.”

Fundi aliivuta kompyuta karibu. Kosa la namna hiyo alilijua. Mfumo una daftari lake: kila programu inayoingia kupitia kwake huandikwa, pamoja na vifurushi, yaani programu ndogondogo, inavyovitegemea. Lakini programu ya kaka haikupitia huko. Aliijenga kwa mkono, akaiweka pembeni, ikawa inaegemea vifurushi vya mfumo bila daftari kuwa na habari. Siku ya usafi, mfumo hukagua, huona vifurushi havina mwenyewe, huuliza kwa adabu kama uvitupe.

“Hukufanya kusudi,” alisema. “Ngoja nijue kwanza ni vifurushi gani, nivirudishe.”

“Virudishe, nakuomba. Hujui ilivyokuwa. Nilinunua spika ya pili nikaiweka jikoni ili asiwe mpweke. Naosha vyombo, namsikia. Akisema ‘njoo’, namjibu hukohuko, ‘Sema tu, nakusikia!’ Tunapiga soga, kazi zangu zinaendelea. Hata jirani akija anaiamkia spika.”

Fundi alitabasamu bila kupenda. Wiki mbili zilizopita yeye mwenyewe alibishana na spika ile kuhusu mpira saa nzima, kitanda kikiwa nyuma ya mgongo wake.

“Na sasa?”

“Sasa nimeomba ruhusa kazini. Siwezi kumwacha. Tunakwenda herufi kwa herufi kama watoto wa chekechea. Jana nzima tumepata sentensi sita.” Alimgeukia mumewe, akamfuta kinywa, akabaki anamtazama. “Nilikuwa nimesahau kwamba jicho la kushoto huanza kucheka kabla ya la kulia.”

Fundi aliwasha mashine, akaanza kazi. Programu yenyewe ilikuwepo, nzima, mahali kaka alipoiweka. Kila alipoiamsha ililalamika kwamba inakosa kifurushi. Akitafuta hicho, inakosa kingine. Alipohesabu vilifika tisa. Vyote vilipatikana. Aliandika amri ya kuvirudisha, kikabaki kibonyezo kimoja tu.

Kabla ya kubonyeza alifungua kumbukumbu ya mfumo, inayoandika kila amri na saa yake, ahakikishe hakuna kingine kilichoondoka. Alisoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena.

Kaka yake alikuwa akimtazama yeye. Tangu mashine iwashwe hakuwa ameitupia jicho skrini hata mara moja.

“Vipi?” mwanamke aliuliza.

Fundi alifuta amri aliyoiandika, akafunika kompyuta.

“Imeshindikana, shemeji. Si wewe. Mashine imechoka tu.”

Mwanamke aliinama, akalia. Kisha akajipangusa kwa upindo wa nguo, akausogeza uso wake kwa mumewe.

“Haya, mume wangu. Tuendelee. Ni kati ya A na F?”

Fundi aliaga, akatoka na begi lake. Ile ‘ndiyo’ ya saa mbili, kumbukumbu ilionyesha, ilikuwa imeondoa mabaki ya mchezo wa karata na si kingine. Vifurushi tisa kaka alikuwa ameviwekea alama ya kutoguswa. Alama hizo na vifurushi vyenyewe viliondolewa saa nne kasoro dakika kumi, mke akiwa kazini, kwa amri iliyotaja kila kimoja kwa jina lake, iliyoandikwa na mtu aliyeanza saa tatu kamili, herufi moja moja, kwa kidole gumba.