Kizimba cha Kamanda

Tangu droni zianze kuwinda magari ya vita mjini, kamanda hakuthubutu kushuka kwenye gari lake la deraya. Hata lilipoletwa gereji kwa Mashavu lichomelewe kizimba cha nondo juu yake, dereva alishuka kutafuta dizeli, lakini kamanda alibaki ndani, akichungulia kwenye tundu la paa, njia pekee ya kutokea.

"Fundi, nataka kama kile cha wenzangu. Nondo zilale karibu na paa, droni isipate pa kupenya."

Mashavu aliitambua sauti ile. Ndiyo iliyoamuru mlango wa nyumba yake ufungwe kwa nje kabla haijachomwa moto, mwanawe Hatibu akiwa ndani.

Magari ya wenzake yalikuwa ya zamani, mifuniko ya matundu yake ya paa husukumwa kando. La kamanda lilikuwa jipya, na mfuniko wake huinuka juu. Mashavu aliliona hilo.

"Kama kile cha wenzako, afande?"

"Nimeongea Kichina, mama? Kama kile kile!"

"Basi jifunike. Cheche hazijui cheo cha mtu."

Mfuniko ukashuka. Mashavu alichomelea asubuhi nzima, kila kiungo mara tatu.

"Umemaliza?" kamanda aliuliza. Mfuniko ukainuka kiasi cha kiganja, ukagonga nondo, ukakwama. Vidole vinne vikatokeza, vikipapasa. "Fundi! We fundi!"

Mashavu akazima jenereta, apate kusikia vizuri mlio wa droni uliokuwa ukija angani.