Gauni la Bibi Toa

Mshoto alibisha hodi mara tatu, kisha akaomba Mungu pasiwe na mtu ndani.

"Karibu, mlango uko wazi," ikajibu sauti aliyoikimbia kwa miaka saba.

Mkobani alibeba gauni la mteja, eti amekuja kuuliza namna ya kukunja upindo. Fundi mwenye miaka kumi na tisa kazini huyo! Upindo angeukunja hata usingizini. Lakini mtu hawezi kumwendea mwenzake mikono mitupu na kumwambia, nilikuharibia maisha.

Mteja wa asubuhi ile ndiye aliyemtoa nyumbani. Alileta gauni kuukuu litiwe kiraka, akalipapasa kama shavu la mtoto. "Tumemkosa sana yule bibi aliyelishona," alisema. "Siku hizi kila gauni lina shanga, ukiketi unajuta. La kwake hata kifungo halina, na ukilivaa watu wanakuona wewe. Wanasema alianza kusahausahau, maskini."

"Ndivyo wanavyosema," Mshoto akajibu, na chai aliyokuwa anakunywa ikawa shubiri.

Katika karakana ya ushonaji alikofanya kazi Mshoto, bibi huyo walimwita Bibi Toa, kwa kuwa neno hilo alilitumia kuliko salamu. Toa kifungo. Toa mfuko. Toa na huo mshono, unajipendekeza tu. Alitoa mpaka likabaki gauni lenyewe, na wanawake wakalipangia foleni. Kwa mafundi wake alikuwa mtani. Walipopiga pasi kwenye meza moja ndefu, alipita nyuma yao akicheka: "Hebu tazameni! Pasi zetu zote zinatazama dirishani, ya Mshoto peke yake inatazama mlangoni, kama mgeni anayetaka kuaga." Ndiye aliyemtafutia mkasi wa mkono wa kushoto. Ndiye pia aliyemruhusu kumlaza binti yake mchanga stoo, ndani ya kapu la vitambaa, mwaka ule mumewe alipoaga kwamba anakwenda dukani mara moja na hakurudi tena.

Kilio cha mtoto huyo ndicho kilichomponza. Siku moja kabla ya onyesho kubwa la mavazi, Mshoto alikisikia kutoka stoo akakimbia kunyonyesha. Aliporudi, karakana nzima ilinuka kuungua. Gauni jeupe lililowachukua miezi mitatu lilikuwa na doa la kahawia kifuani, umbo la pasi, na mafundi walikuwa wamelizunguka kama waliofiwa.

Mwenye karakana alikuwa kaka yake Bibi Toa, mtu ambaye hajawahi kupiga pasi hata leso yake. Alikuja juu: "Aliyeunguza anaondoka leo hii, awe nani awe!"

Mshoto alifungua mdomo. Ulimi ukagoma.

Bibi Toa alishusha miwani kutoka juu ya paji la uso, ambako kwa kawaida aliisahau na kuitafuta karakana nzima. Akainama juu ya gauni, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akaguna.

"Ni mimi. Nililigusa kidogo pale mwisho, nikasahau kuinua pasi. Uzee huu! Haya, nitoe mimi."

Kaka mtu alitamani kulirudisha neno lake, ila lilikwisha kumtoka mbele ya watu, naye hakuwa mtu wa kula matapishi yake. Jioni hiyo dada yake aliondoka, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Habari za usahaulifu zikamtangulia kila mlango alioubisha, na hakuna aliyemkabidhi kitambaa tena. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na aliyemla bibi wa watu alikuwa amesimama pembeni akikunja vitambaa, akijifariji: afadhali, hata mwenyewe anaamini alisahau.

"Shikamoo, Bibi," Mshoto akasema, akisukuma mlango.

"Marahaba, Mshoto wangu. Umenenepa, vizuri. Keti."

Chumba kilikuwa na meza, viti viwili na kabati. Hata pazia alikuwa amelitoa. Mshoto hakuketi, na habari za upindo zikamtoka kichwani.

"Bibi, siku ile ya gauni..."

"Siku niliyosahau pasi."

"Hukusahau! Ni mimi. Mtoto alilia, nikakimbia, nikakuacha ubebe mzigo wangu. Miaka saba watu wanakusema, na mimi naitikia. Sikuja kuomba msamaha, siustahili. Nilitaka tu ujue akili yako ilikuwa timamu."

Bibi Toa aliinuka polepole, akafungua kabati, akatoa gauni jeupe lililokunjwa vizuri. Mshoto alidhani lilitupwa siku ile ile. Mzee akalitandaza mezani na kulinyoosha kwa kiganja, kama alivyozoea kazini.

"Siku ile shingo yake ilikuwa huku, upande wa ukuta," alisema. Akagonga meza upande wa kushoto. "Dirisha huku." Akagonga upande wa kulia. "Mlango huku."

Doa lilikuwa bado bichi kama la jana, ncha yake imechongoka. Ilitazama mlangoni, kama mgeni anayetaka kuaga.

"Na yule binti wa kapuni," Bibi Toa akauliza, "sasa yuko darasa la ngapi?"