Samaki Aliyekata Mishipi

Chini ya maji ya mto, Kepher aliuvuta mshipi wa mvuvi mara mbili, akauachilia. Maji yale ya tope yalikuwa na baridi ya kuuma meno, na mrija wa tete aliopumulia ulianza kuingiza povu.

Ukingoni mgeni kutoka Nakuru akapiga kelele, "Amekula! Ni mkubwa!"

Kepher akavuta kwa nguvu zote. Mshipi ukakatika. Mgeni aliketi matopeni akicheka kama mtoto, akaapa kurudi Pasaka.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya siri ya Kepher tangu 1931. Mwaka huo Bwana Hadley, mwenye shamba la chai, alitaka kufyeka msitu wa kando ya mto, apande chai hadi majini. Nyumba tatu za wafanyakazi zilizokuwa pembeni mwa msitu zingebomolewa, na moja ilikuwa ya Kepher. Kisha wazungu wawili wakaomba kulipia nafasi ya kuvua mle mtoni.

"Wao napata samaki, msitu nakaa," Bwana alisema. "Wao nakosa, shoka!"

Samaki walikuwa wamekwisha zamani. Lakini Kepher alizaliwa kando ya ziwa, na kupiga mbizi alikujua; basi akawa yeye samaki.

"Baba Phelix," mkewe Aoko alimwuliza jioni mgeni wa Nakuru alipokwisha kuondoka, akimkanda mgongo kwa maji moto, "mtu analipa, anasimama kwenye baridi kutwa, anarudi bila hata kitoweo, halafu anashukuru?"

"Anashukuru sana."

"Kwetu mvuvi kama huyo angenyang'anywa mke."

"Usimcheke, mama. Huyo ndiye anayetulindia nyumba."

Wageni wakazidi. Magari yalifika hata kutoka Kisumu. Kila mmoja alikatiwa mshipi wake, na kila mmoja aliapa kwamba samaki wake alikuwa mkubwa kuliko wa mwenzake.

Jumatatu moja Bwana Hadley alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwa Kepher, kofia mkononi, uso umemnawiri.

"Kepher, mimi kwisha ona. Msitu nalipa kushinda chai. Hapana kata mti hata moja!"

Aoko akapiga vigelegele.

"Ile samaki kubwa," Bwana aliendelea kwa upole, "mimi nataka yeye kaa vizuri. Yeye nataka kivuli mingi." Akainua fimbo yake, akazionyesha nyumba zote tatu. "Hapa sisi tapanda miti. Nyinyi toka mbele ya Jumamosi."